Ndugu wa Ukutani

Fremu tupu haiuziki. Fundi aliligundua hilo wiki ile ile aliyofungua duka lake la kutengeneza fremu za picha, kijichumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Unaweza kukata mbao zako kwa ufundi wote wa duniani, pembe zikakutana hata ukucha usipite, ukapaka rangi ya dhahabu mpaka ikang'aa. Lakini ukiitundika dirishani ikiwa wazi, mpita njia anaona nini? Anaona ukuta. Mkono mtupu haulambwi, bwana wee. Ndani ya fremu lazima kuwe na sura ya mtu.

Mafundi wenzake walitia picha za maua na maporomoko ya maji. Yeye alichukua gazeti kuukuu lililokuja limefungiwa kioo, akalikunjua, na humo akamwona golikipa wa timu ya taifa yuko hewani, amelala ubavu, vidole vimeugusa mpira. Chini ya picha palikuwa na jina. Fundi akalisoma, akalirudia, akaenda nalo mlangoni penye mwanga. Jina la mwisho lilikuwa jina lake yeye! Jina la ukoo wake, herufi kwa herufi, liko gazetini limeokoa penalti! Akacheka peke yake kama mwehu, akamkata golikipa kwa mkasi, akamtia kwenye fremu nzuri kuliko zote na kumtundika dirishani.

Wa kwanza kumwona alikuwa mwalimu wa chekechea aliyekuja kutafuta kioo.

"Eh, fundi, huyu kipa ni nani wako?"

Hapo mtu mwenye akili zake angejibu kwamba tunafanana jina tu, mwalimu, karibu ndani. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Huyu? Huyu si ndugu yangu!" fundi akasema. "Huyu tumelala naye kitanda kimoja, mama. Kitanda cha mbao, mguu mmoja tumeegesha tofali. Usiku kucha anaruka, anadaka mto, ananibana mpaka pua inagusa ukuta. Mimi ndiye niliyemfundisha kudaka. Nisingemrushia mto, nisingepata usingizi."

Mwalimu alicheka hadi machozi, akanunua fremu mbili badala ya kioo kimoja, na alipotoka akaenda kumhadithia muuza viatu. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Ya huyu bwana ilikwenda miaka na miaka, tena ya lami.

Kwani aliishia hapo? Thubutu! Kila gazeti lililopita mikononi mwake alilichambua kama mtu anayechambua mchele. Akampata jaji, mwanamke wa miwani minene. Huyo akawa shangazi. Akampata profesa aliyesomea wadudu mpaka mdudu mmoja akapewa jina lake, maana yake hata mdudu aliingia ukoo. Profesa akawa baba mkubwa. Akampata msomaji wa habari wa redioni, na mwimbaji, na bondia aliyepigwa mapambano yake yote isipokuwa moja ambalo mpinzani alichelewa kufika. Wote jina moja la ukoo, wote kwenye fremu safi. Nyuma ya mlango, mahali pa giza kidogo, alimtundika hata yule mwizi maarufu aliyetoroka gerezani ndani ya gari la nguo za kufua.

"Huyu naye wenu?" wateja waliuliza.

"Ukoo hauchagui," fundi alijibu kwa masikitiko makubwa. "Tulimwonya sana."

Na ukweli ni upi? Ukweli ni kwamba fundi hakuwa na ndugu hata wa dawa. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, wawili peke yao, chumba kimoja na sufuria moja. Bibi alipofariki, akabaki yeye na jina. Iliuma, na iliendelea kumuuma hata alipokuwa mtu mzima mwenye kitambi. Wenzake walipogombana na kaka zao, yeye aliwaonea wivu. Basi akajijazia ukoo ukutani, na kila asubuhi aliufuta vumbi mmoja mmoja huku akiusalimia. "Shikamoo shangazi. Vipi, bondia, macho yamepoa?"

Mkewe, karani wa posta, ndiye aliyejua yote, na hakumwaibisha hata siku moja. "Nimeolewa pazuri mimi," alikuwa akisema. "Mawifi na mashemeji wote wa karatasi. Hawali, hawalali, hawanisemi."

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, naye alikua akafanya kazi kwenye duka la dawa katika jengo la ghorofa nyingi. Siku moja lifti ya jengo hilo ikagoma katikati, na binti yumo ndani peke yake na katoni ya dawa za kikohozi. Akaanza kupiga kelele. Mara sauti ya mwanamume ikatoka juu.

"Dada, usiogope. Vuta pumzi. Fundi wa lifti yuko hapa."

"Fundi gani? Jina lako nani? Nataka nikitoka nijue wa kumshitaki!"

Sauti ikamtajia jina, la kwanza na la ukoo. Binti akaangua kicheko kikapanda mpaka juu ya kamba za lifti.

"Kaka, hilo la ukoo ni langu!"

"Acha utani. Basi siwezi kukuacha humo, watasema nimetupa ndugu."

Walicheka, yeye chini na mwenzake juu, hadi mlinzi akadhani hewa imeisha watu wamechanganyikiwa. Lifti ilitengenezwa siku ile ile. Wao wawili hawakutengenezeka tena. Baada ya miezi kadhaa kijana alitaka kuoa, na binti hakutaka mwingine, mchana wala usiku, na hili ndilo jambo lililotaka kuharibika mbele ya macho yangu na ya mtaa mzima.

Kijana alipokuja dukani kujitambulisha, fundi alisikia jina, akaruka kutoka kwenye kigoda chake.

"Ndugu yangu!"

Mkewe akakohoa. "Baba wee. Ukishamwita ndugu, mwanao ataolewa na nani?"

"Mkwe! Nimesema mkwe! Karibu, mkwe wangu!"

Kijana akakaa, akaangaza ukutani hadi dirishani, akatabasamu. "Naona na baba mdogo yupo."

"Nani?"

"Huyo golikipa. Mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenisomesha."

Loo! Fundi alishika meza. Miaka yote ile alimfuta vumbi mtu wa karatasi, na leo mtu wa karatasi ana mtoto wa kaka, mtoto ana miguu, miguu imevaa viatu, iko dukani kwake! Alitaka kucheka, alitaka kulia, akaishia kumimina gundi kwenye kikombe cha chai. Binti alikuwa ameshamweleza mchumba wake mambo ya ukuta, kwa hiyo kijana hakushangaa. Alichokuwa nacho ni ombi.

"Baba, mama yangu atakuja kuwaona. Tafadhali sana, akija, kipa asitajwe."

Sababu ilikuwa hii. Mama yake kijana alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Kufanana jina hakukumsumbua. "Jina la ukoo ni shati la dukani," alisema, "wangapi wanalo?" Ila damu lilikuwa jambo jingine. Damu moja haioani nyumbani kwake, hata iwe imepita mbali kiasi gani. Alikuwa amezalisha nusu ya mji na hakutaka mjadala. Tena ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa umetapakaa kama mbegu: baba mkwe alihamahama na kazi, watoto wake wakalelewa huku na kule, kila mmoja kwa mtu wake, na hakuna aliyewahi kumaliza kuwajua wote. Akisikia kwamba fundi na kipa wamelala kitanda kimoja, harusi imekwisha.

"Sitamtaja," fundi akaapa, mkono kifuani. "Nikimtaja nikatwe ulimi kwa kisu changu cha kioo."

Na hakumtaja! Tumpe haki yake. Siku ya ugeni alimshusha kipa dirishani, akamficha chini ya meza ya kazi kwa heshima zote, kichwa juu. Mkunga akaja, amevaa viatu vya kufunga na mkoba mkubwa begani, akakalishwa kwenye kiti kizuri. Akaletewa soda. Fundi alizungumzia mbao, kioo, mvua, bei ya misumari. Jasho lilimtiririka, lakini ulimi ulikaa nyumbani. Mkunga akaanza kulegea, akacheka kidogo, akamshika binti mkono na kumwita "mwanangu." Binti akamtazama mchumba wake, na nyuso zao zote mbili zikang'aa hata ukawaonea raha.

Hapo ndipo muuza viatu alipoingia mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Fundi! Fundi wee! Ndugu yako kipa ameibiwa!"

Akaelekeza kiatu dirishani.

"Nimepita dirishani simwoni! Miaka yote hii! Nimekwambia uweke nondo, hukusikia!" Akamwona mgeni. "Shikamoo mama. Samahani, tumepata pigo. Kaka yake huyu ameibiwa."

"Kaka yake nani?" mkunga akauliza taratibu.

"Huyo golikipa wa taifa, mama, humjui? Wamelala kitanda kimoja!" Na huyu mtu, Mungu amsamehe, kwa mapenzi yote ya ujirani, akakitupa kiatu, akajilaza kwenye benchi na kuonyesha jinsi kipa alivyoruka, jinsi mto ulivyodakwa, jinsi pua ya fundi ilivyogusa ukuta. "Kitanda cha mbao! Mguu mmoja tofali! Huu mtaa wote unajua!"

Mkunga akaweka soda chini. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika.

"Golikipa huyo ni shemeji yangu. Ni baba mdogo wa mwanangu," akasema. "Kama nyinyi ni ndugu wa kitanda kimoja, basi hawa watoto ni kaka na dada. Asanteni kwa soda."

"Mama, si kweli!" fundi akaruka. "Uongo! Uongo mtupu! Simjui!"

Hapo ungedhani mambo yameisha. Wapi! Watu walikuwa wameshajaa mlangoni: kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu, mwalimu wa chekechea, wapita njia wasio na shughuli. Wote wakashika vichwa.

"Anamkana ndugu yake!" kinyozi akasema.

"Kwa ajili ya harusi!" mwalimu akaongeza, sauti imemtetemeka. "Mtu aliyemrushia mito!"

"Jamani, niliwadanganya!" fundi akalia. "Nilipiga chuku! Nilimkata gazetini!"

"Hata masikio yenu ni mamoja," muuza viatu akasema kwa uchungu. "Nimeyatazama masikio hayo miaka yote. Leo unayakana masikio yako?"

Mkunga alikuwa amekwisha kusimama. "Kama si ndugu, wewe ni mwongo. Kama ni ndugu, unaikana damu yako mchana kweupe. Nimekuja kuomba mke, sijui nimeingia wapi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fundi aligeuka akamwona binti yake. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa amemshika mchumba wake kwa shati, vidole vimekaza, kama yule binti wa ndani ya lifti kabla hajasikia sauti. Aibu yake haikuwa kitu tena. Wangemcheka mpaka kaburini, sawa tu, ila mwanawe aolewe.

"Mama, muite mwenyewe," akamwambia mkunga. "Si yuko mji huu huu? Muite aje aseme kama ananijua."

Mkunga akafikiri. Akatoa simu mkobani. "Shemeji, uko wapi? Hebu njoo hapa mara moja. Kuna mtu anaitwa ndugu yako." Akataja mtaa, akakata. Kijana akainuka kwenda nje kumlaki baba yake mdogo.

"Wewe kaa," mama akasema. "Hakuna kunong'onezana."

"Mama, baba wa mwenzangu anasema kweli. Hatuna undugu."

"Wewe unataka kuoa. Ushahidi wako una mapenzi ndani yake. Kaa chini."

Akakaa. Mkunga akatangaza sheria mbele ya wote: shemeji akisema hamjui huyu bwana, harusi ipo. Akisema anamjua, kila mtu ashike njia yake, na asiwepo wa kumlaumu mwenzake.

Wakangoja. Kinyozi akammalizia mteja wake pale pale mlangoni ili asikose kitu.

Kitu ambacho hawakujua ni kwamba muuza viatu alikuwa ametoka kwenda kumsubiri kipa kwenye kona. Si kwa ubaya! Alitaka kuwa wa kwanza kumshika mkono. Akamshika, akalia, akamweleza jinsi ndugu yake anavyomkana, na jinsi walivyolala kitanda kimoja, na mito.

Na kipa, sasa, alikuwa mtu wa aina gani? Alikuwa mzee wa tumbo kubwa na roho kubwa kuliko tumbo. Tangu alipookoa ile penalti, kila mji aliokwenda alikuta ndugu asiowajua. Dereva ndugu, mpishi ndugu, polisi ndugu. Mwanzoni aliwakatalia, akaona wanavyonywea mbele ya wake zao na watoto wao, akaapa hatarudia. Tangu siku hiyo hamkatalii mtu.

Akaingia dukani, akaujaza mlango, akafungua mikono.

"Ndugu yangu!"

Akamkumbatia fundi mpaka miguu ikaacha sakafu. Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Binti akaziba uso kwa viganja.

"Hunijui!" fundi akapiga kelele kutoka kifuani mwa kipa, sauti imezibwa na shati. "Tafadhali sema hunijui!"

"Usione haya, mdogo wangu. Tumelala kitanda kimoja sisi!"

"Hatukulala!"

"Umesahau mito?"

"Hakukuwa na mto! Hakukuwa na kitanda! Bwana mkubwa, nishushe, unaniulia mwanangu!"

Fikiria hali hiyo. Mtu ameota maisha yake yote kwamba ndugu ataingia mlangoni amkumbatie, na leo ameingia, amemkumbatia, mikono minene ya kweli yenye joto, na yeye anamsukuma kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtoka fundi, na asingeweza kukwambia ni ya nini.

Mkunga aliwatazama, mmoja kisha mwingine, kama alivyowatazama wanaume wengi waliokuja wodini wakidai hili na lile. Kisha akagonga soda yake mezani.

"Shemeji, mshushe mtu wa watu. Nina maswali."

Kipa akamshusha.

"Huyu bwana alilelewa na nani?"

"Na... mama yake."

"Bibi!" mlango mzima ukanong'ona.

"Na bibi yake. Nilitaka kusema mama wa mama yake."

"Wa baba!" ukanong'ona mlango.

"Wa baba yake, ndiyo. Mwanamke mrefu."

"Alikuwa mfupi, huyu fundi alituambia," mwalimu akasema kwa pembe ya mdomo.

"Mrefu kwa roho," kipa akasema.

Kijana alianza kucheka, akajizuia, binti akampiga kiwiko, naye akashikwa na kicheko hicho hicho katikati ya machozi. Mkunga akanyoosha kidole mlangoni. "Atakayemsaidia tena namtoa nje. Shemeji, kitanda kilikuwa cha mbao au cha chuma?"

Kipa alitazama dari. Alitazama ukuta, akakutana na macho ya jaji, akayakimbia. "Cha mbao," akasema, maana muuza viatu alikuwa anagonga benchi la mbao kwa nguvu kana kwamba anafukuza nzi.

"Vizuri. Swali la mwisho." Mkunga akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mambo yaharibike. "Mtu uliyelala naye kitanda kimoja, ukamdakia mito, ukamfundisha na kufundishwa. Muite kwa jina lake. La ukoo tunalijua sote. Nataka la kwanza."

Kipa akafungua mdomo, akageuka mlangoni kutafuta msaada. Muuza viatu akamgeukia kinyozi. Kinyozi akamgeukia mwalimu. Mwalimu akamtazama mteja aliyenyolewa. Hamadi! Miaka yote ile, mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita kwa jina. Kwao alikuwa Fundi, Fundi wee, Fundi hujambo.

"Fundi," kipa akasema kwa unyonge.

"Alipokuwa mtoto kitandani alikuwa fundi?"

Kipa akainamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe. Simjui. Sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Nilimwonea huruma tu."

"Hanijui!" fundi akaruka juu. "Mmesikia? Hanijui! Hajawahi kuniona!"

"Basi wewe ni mwongo," mkunga akasema.

"Mwongo kabisa, mama!"

"Mwongo wa kupindukia."

"Sina mfano! Hakuna anayenishinda mtaa huu! Wala jaji si shangazi yangu, wala profesa, wala yule mdudu!"

Na mkunga, mwanamke yule wa viatu vya kufunga, akaanza kutikisika mabega, akatikisika tumbo, mwisho akaketi kwenye benchi akacheka hadi mkoba ukaanguka. Ikawa vurugu. Mke wa fundi alipiga kigelegele kilichosikika posta. Binti alirukiwa na mchumba wake, au yeye ndiye aliyemrukia, hilo wenyewe wanabishania mpaka leo. Kinyozi alimkumbatia mteja. Muuza viatu peke yake alisimama kando ameduwaa.

"Hata yule mwizi?" akauliza. "Hata mwizi si wenu?"

"Hata mwizi," fundi akasema. "Nisamehe, jirani."

"Nilikuwa nampenda sana yule mwizi."

Walipotulia, kipa alimvuta fundi pembeni, karibu na mbao zilizoegemezwa. Akauliza kwa sauti ndogo, bila hasira. "Wengi husema mimi ni ndugu yao. Mmoja anataka tiketi, mwingine anataka kazi. Wewe sikuwahi kukuona ukiniomba kitu. Ulikuwa unataka nini?"

Fundi akakuna masikio yake. "Nilitaka mtu akiuliza wewe ni wa nani, niwe na pa kuonyesha," akasema. Kipa akatikisa kichwa, akampiga bega mara mbili, wakarudi kwa wengine.

Harusi ilifanyika ukumbini, na kama hukuwepo, pole yako, sisi tuliokuwepo miguu ilituuma kwa kucheza. Bondia hakuja wala jaji, maana hawakualikwa. Ilipofika wakati wa picha, mpiga picha, kijana mgeni asiyejua mambo ya mtaa wetu, akapanda juu ya kiti na kupaza sauti.

"Upande wa bwana harusi!"

Wakamiminika: mama mkunga, golikipa, mashangazi, binamu, watoto wa binamu, hawakutosha hata walipochuchumaa. Picha ikapigwa.

"Upande wa mama wa bibi harusi!"

Wakaja nao, dada zake wanne na wajomba na kelele zao. Picha ikapigwa.

"Upande wa baba wa bibi harusi!"

Fundi akaenda kusimama kando ya binti yake, suti imembana kitambi. Nafasi ilikuwa kubwa kushoto na kubwa kulia. Mpiga picha akangoja.

"Mzee, waite ndugu zako, muda unakwenda."

Muuza viatu alifumba macho. Alijua mtu huyu akibanwa huwa anatoa profesa. Fundi akamshika mwanawe mkono.

"Sina, kijana," akasema. "Ni mimi tu. Piga."

Mpiga picha akainua kamera.

"Subiri!" Golikipa alikuwa anakuja na sahani yake ya chakula, tumbo mbele, anapasua viti. Akampa mtoto sahani, akasimama kushoto kwa fundi, akarekebisha tai. Mkunga akawageukia watu wake. "Mmekaa mnatazama nini? Mkwe wenu atapigwa picha peke yake?" Wakainuka wote, mashangazi, binamu, watoto wa binamu, wakasukumana, wakakanyagana, wakajipanga upya, mpaka fundi hakuonekana isipokuwa kichwa.

"Lakini hawa nimeshawapiga!" mpiga picha akalalamika. "Hawa ni upande wa nani sasa?"

"Wangu," fundi akasema, na mara hiyo hakuongeza neno.